Sahihi ya Jumapili Asubuhi

Tubou, Lakeba
8 Februari 2018

Kwa Ilaitia, tavale wangu, mtoto wa shangazi uliyepewa akili zote za ukoo ukanyimwa sura,

Huku tu wazima wote isipokuwa nguruwe wa baba, ambaye tumemla. Goti la baba bado linatabiri mvua, na kwa kuwa mvua inanyesha kila siku, halijakosea. Mke wangu Torika anauliza kwa nini hukumaliza mihogo aliyokubebea mpaka Suva kwenye mazishi ya Bubu, bibi yetu, mwezi wa Novemba. Mimi nimemwambia watu wa mjini mmezoea mikate, meno yenu yamekuwa ya mapambo. Msalimie mkeo Sereima, na Vasiti binti yenu.

Sasa kaa chini. Mashine za shule zimekufa, kumi na mbili kati ya kumi na tano. Jumatatu nilipakua matoleo mapya ya Vesi, hiyo Linux yenu, mfumo wa kuendesha kompyuta za shule za visiwani, kama nifanyavyo kila mwaka. Nikayaweka, nikazima, nikawasha. Zile tatu mpya zikaamka. Za zamani zote zimebaki na skrini nyeusi na kistari kimoja kinapepesa juu kushoto, kama jicho la mlinzi anayejifanya hajalala. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho ni kifurushi chako wewe: kiamshi, ile programu ndogo inayoishika kompyuta mkono ikitoka usingizini na kuipeleka kwa Linux. Kazi za watoto zimo ndani ya diski, ila hakuna wa kufungua mlango.

Mwalimu Mkuu, Bi Melaia, alikuja akasimama mlangoni.

"Sakiusa, umefanya nini?"

"Nimeziboresha, Mwalimu."

"Naona. Zimekuwa bora mpaka hazina haja ya kuwaka."

Kisha akasema zisipoamka kabla muhula haujaisha, ufunguo wa chumba cha kompyuta atampa mwalimu wa hesabu. Tavale, unanijua. Shule niliiacha darasa la nane. Nimekuwa askari Sinai, nimekuwa baharia mpaka Rotterdam, nimekula na majenerali (mimi nilikuwa nawapakulia, lakini walikula). Kote huko hakuna aliyeniita fundi. Ni katika chumba kile tu.

Jambo jingine linanikosesha raha. Kila kifurushi cha Vesi kina sahihi ya aliyekifunga, na tarehe, na saa. Hiki kina sahihi yako. Kimefungwa Jumapili tarehe 28 Januari, saa nne asubuhi. Saa nne ya Jumapili Suva nzima inajua ulipo: mimbarini, unawasomea watu somo, wanasinzia. Miaka ishirini hujagusa hata kijiko cha kazi siku ya Jumapili. Basi ama umeacha dini, ama kuna mtu ana ufunguo wako wa sahihi na anafunga vifurushi kwa jina lako.

Ndiyo sababu nakuandikia kwa karatasi na kumpa nahodha mkononi. Mwenye ufunguo wako huenda anasoma na barua pepe zako. Mimi Beirut niliwahi kuibiwa viatu nikiwa nimevivaa. Mtu hanifundishi wizi.

Ndimi mtani wako,
Sakiusa


Raiwaqa, Suva
27 Februari 2018

Tavale Sakiusa,

Barua yako imefika na harufu ya samaki wa nahodha. Sereima hajambo. Vasiti amepata kazi ya kufundisha huko Nabua. Paa limevuja tena. Mimi nipo.

Pole kwa mashine. Fanya hivi. Washa moja kwa flashi ya Vesi. Kutoka hapo ingia ndani ya diski ya mashine, kama mtu anayeingia kwake kupitia dirishani. Kisha iamuru iweke kiamshi upya mwanzoni kabisa mwa diski. Tumia toleo la zamani, si hili jipya. Na angalia sana jina la diski kabla ya kubonyeza. Flashi nayo huhesabiwa kuwa diski. Ukikosea jina, utakiweka kwenye flashi.

Kuhusu saa usijisumbue. Zile ni saa za London.

Nina swali na nisingependa ulichukue vibaya. Siku za mazishi ulilala chumba changu cha kazi, wewe peke yako. Kwenye droo kulikuwa na flashi nyeusi, ndogo, yenye ufunguo wangu wa sahihi. Ulipokuwa ukifunga mizigo, hukuokota kwa bahati mbaya kitu kisicho chako?

Ilaitia


Tubou, Lakeba
15 Machi 2018

Kwa Mheshimiwa Hakimu Ilaitia, pamoja na droo zake,

Baba anakusalimu, goti lake pia. Torika amejifungua hasira, mama na mtoto wanaendelea vizuri: amesoma swali lako la mwisho.

Kwanza nikupe habari njema. Nilifanya kama ulivyoagiza. Niliwasha ya kwanza kwa flashi, nikaingia dirishani, nikaamuru, ikaniambia imemaliza bila kosa. Nikawasha tena, ikaamka kama bibi harusi. Nikatuma mtu amwite Bi Melaia na walimu wote, nikawahutubia kidogo, si sana, labda nusu saa, kuhusu Sinai. Kisha nikachomoa flashi kwa madaha na kuiwasha mashine tena mbele yao. Skrini nyeusi. Kistari kinapepesa.

"Hotuba ilikuwa nzuri," Bi Melaia akasema, akaondoka.

Ndiyo, tavale, nilikiweka kwenye flashi. Jina lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na mimi napenda cha kwanza. Nikaiandaa flashi upya, safari hii nikasoma majina kwa kidole kama mtoto, na kufikia Jumatano zote kumi na mbili zilikuwa macho. Kazi ya hata mtoto mmoja haikupotea. Kijiji kizima kinaniita fundi, hata wale niliowatengenezea redio zikaharibika zaidi.

Habari nyingine ni hii. Saa za London nazijua, nimelewa ndani yake. Mwisho wa ile saa pana alama ya kujumlisha na kumi na mbili. Hizo ni saa zetu. Umekaa miaka minane unafunga vifurushi na hulijui hilo? Unalijua. Basi kwa nini uniambie uongo wa kitoto namna hii?

Na kuhusu flashi nyeusi. Mimi ni tavale wako. Kwa mila zetu ningeweza kuchukua shati lako mwilini na ukacheka. Ningeitaka flashi, ningekuja nayo mkononi mbele yako nikikutukana. Sichukui kitu kwa siri, siri hainifurahishi.

Jambo moja dogo. Mbona umeniandikia kwa herufi kubwa hivi, maneno matano kwa mstari? Umeniona mimi wa darasa la kwanza? Nilifika la nane.

Sakiusa


Raiwaqa, Suva
9 Aprili 2018

Tavale,

Tunaendelea vizuri. Barua hii ameiandika Vasiti kwa sababu nimeumia kidole.

Toleo lile limeangusha mashine katika shule kumi na moja. Watu wa Vesi, wa hapa na wa Wellington na wa Hobart, wameniuliza imekuwaje. Nimewajibu kwamba huenda ufunguo wangu hauko salama. Wakauliza ni nani aliyewahi kuufikia. Nimesema kweli: kuna jamaa mmoja alilala chumbani mwangu wakati wa msiba. Sikutaja jina.

Naomba tusiandikiane tena kuhusu jambo hili mpaka litulie.

Ilaitia


Tubou, Lakeba
26 Aprili 2018

Ilaitia,

Baba mzima. Torika mzima. Magimbi yetu, dalo, yamekubali mwaka huu.

Hukutaja jina. Basi nikueleze lilivyofika bila jina. Tangazo la watu wa Vesi lilitumwa kwa shule zote arobaini, likasomwa kwenye skrini nilizoziamsha mwenyewe. "Jamaa wa mtunzaji aliyelala chumbani mwake wakati wa msiba." Huku Lakeba kila mtu anajua nani alikwenda kumzika Bubu na alilala wapi, walioniaga bandarini ni hao hao. Bi Melaia aliniita ofisini. Hakufoka, ingekuwa afadhali. Alisema, "Sakiusa, mimi siamini. Lakini wazazi wameuliza." Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo wa chumba. Sasa mwalimu wa hesabu anakaa kwenye kiti changu, na jana alimwagia chai kibao cha herufi. Nikipita wanapokunywa yaqona, bakuli linanifikia, ila mazungumzo yanasimama mpaka nimemaliza kunywa.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, mimi ambaye siwezi kukaa na samaki nusu saa. Nikalipanga kama kesi ya jeshini.

Flashi nyeusi peke yake haifungui kitu. Ufunguo uliomo unataka maneno ya siri, na usiku wa matanga ulijitapa mbele yangu kwamba maneno hayo hata Sereima hayajui, umeyahifadhi kichwani. Kwa hiyo mwizi angelazimika kuchukua na kichwa chako, na kichwa ninakijua, kizito, ningekiona kwenye mizigo.

Halafu nikakifungua hicho kifurushi nione mwizi aliweka nini. Nilitegemea mdudu, mtego, jicho la kuchungulia. Hamna. Kuna mstari mmoja tu uliopungua. Ule unaosema: mashine ikiwa ya zamani, weka kiamshi mwanzoni mwa diski. Wa mashine mpya upo, wa chini yake haupo. Mwizi gani anaiba ufunguo wa nyumba, anaingia, anahamisha kijiko kimoja, anatoka? Huyo si mwizi. Huyo ni mtu aliyefuta mstari asiuone.

Sitaandika ninachokidhani. Nitaandika nilichokiona kwenye mazishi, halafu wewe umalizie.

Nilikuona ukimimina chai pembeni ya kikombe. Sote tukacheka, tukasema ni huzuni. Nilikuona ukikanyaga ukingo wa mkeka wa wazee, wewe uliyetufundisha sisi wengine adabu. Na kaburini ulishika kitabu cha nyimbo, ukaimba ubeti wote bila kukosea, na kitabu ulikuwa umekishika juu chini. Nilinyamaza. Ni mara yangu ya kwanza kunyamaza, ndiyo sababu naikumbuka.

Nimeandika barua mbili. Hii ni yako. Nyingine ni ya watu wa Vesi, ina haya haya, na jina lako limetajwa, na langu. Hiyo sijaifunga. Meli hii itarudi huku baada ya wiki nne. Ikija bila neno lako, nitaifunga.

Sakiusa Lutunaika


Raiwaqa, Suva
22 Mei 2018

Tavale Sakiusa,

Anayeandika ni Vasiti, na kidole changu hakina jeraha lolote. Amelia mara mbili tangu tuanze, karatasi ikiwa na madoa, ni ya kwake.

Ni sukari. Jicho la kushoto imelimaliza tangu mwaka juzi. La kulia naona kama mtu anayetazama kupitia tui la nazi. Daktari alinionya, nikamwambia Sereima kwamba amesema miwani tu.

Kanisani niliacha kwenda kuanzia Krismasi. Somo walinipa la Isaya, sura nisiyoijua kwa moyo. Nilisimama, nikatazama ukurasa, hapakuwa na kitu. Nikasema koo limenikauka, nikakaa. Tangu siku hiyo kila Jumapili Sereima anakwenda, mimi nabaki nikisema mgongo. Nyumba inakuwa kimya, na kazi ilikuwa imerundikana. Jumapili ile nilitaka kufuta mistari mitano ya zamani isiyotumika. Nilifuta sita. Skrini niliikuza mpaka neno moja lilijaa, kwa hiyo sikuona jirani zake. Nikatia sahihi. Flashi nyeusi ilikuwa mkononi mwangu wakati huo, na iko mbele yangu sasa.

Uliponiandikia kwamba kuna mwizi, nilimpokea kama mgeni aliyetumwa na Mungu. Nilijiambia: kumbe kuna mtu mwingine wa kubeba. Mtu asiyeona hapewi kiamshi, tavale. Kikikosewa, shule arobaini hazifunguki. Nililijua hilo. Lilinifanya niogope kusema, na ndilo lililonipasa niseme. Miaka minane ni mimi peke yangu wa visiwani mwenye sahihi pale. Sikutaka wajue imekuwa sahihi ya kipofu. Nikakutoa wewe, kwa sababu nilijua ungecheka. Hilo ndilo baya kuliko yote: nilihesabu kicheko chako.

Jana nimewaandikia wote, shule zote arobaini, kwa jina langu na kwa jina lako. Nakala ipo ndani ya bahasha hii; usome kwanza wewe, kisha mpelekee Bi Melaia. Toleo lililorekebishwa Vasiti amelisoma mstari kwa mstari nikisikiliza, na halijapewa sahihi. Ufunguo nimewaambia waufute.

Meli ya tarehe kumi na tano Juni nitapanda, Vasiti atanishika mkono. Ninakuja na tabua, lile jino la nyangumi la baba yangu, kukuomba msamaha mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Ukikataa kulipokea nitaelewa.

Ilaitia


Tubou, Lakeba
7 Juni 2018

Kwa tavale wangu, mchunga diski, muuaji wa mistari isiyo na hatia,

Sote wazima. Baba ameniambia nikuulize kama utakula nguruwe, nikamwambia aliyebaki ni mmoja, akasema basi ndiye huyo.

Barua ya watu wa Vesi nimewashia moto wa kupikia rourou, majani ya magimbi. Ilikuwa barua nzuri, karatasi tatu, ilikuwa na maneno kama "kinyume na taratibu", niliyoyachukua kwa afisa mmoja wa Kinorwe. Inaniuma kidogo.

Nakala yako nilimpelekea Bi Melaia. Aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Akafungua droo, akanipa ufunguo.

"Sakiusa, nilikukosea."

"Mwalimu, ulisema huamini."

"Nilisema hivyo, na mkono nikaunyoosha."

Kisha akaniuliza kama mwalimu wa hesabu aondoke leo au kesho. Nikasema abaki amalize kukausha kibao.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Ulinivua nguo mbele ya kisiwa kizima, na mimi sina nguo nyingi. Tabua nitalipokea. Nitakaa kwenye mkeka uso umenuna, nitakufanya ungoje, nitaacha msemaji wako ahangaike na maneno yake mpaka jasho limtoke, kisha nitalipokea. Siku hiyo usinichekeshe.

Lakini baada ya hapo nitakuwa na ombi, kerekere, na najua unajua: jamaa akiomba kitu kwa njia hiyo, hakuna mlango wa kukataa. Nakuambia mapema ili usijifanye kiziwi pia.

Nakuomba kiamshi. Si chote. Kichwa kibaki chako, sina pa kukiweka. Nimezungumza kwa simu ya ofisi na mwanamke mmoja wa Vesi huko Hobart, anaongea haraka kama anafukuzwa, na nimemweleza mpango. Wewe utafikiri, Vasiti atasoma kwa sauti, mtu wa Wellington atatia sahihi. Ila hakuna kifurushi kitakachotiwa sahihi kabla hakijaletwa hapa Lakeba nikakiweka kwenye mashine zangu kumi na mbili za zamani, mbovu kuliko zote za bahari hii, nikazima, nikachomoa flashi, nikawasha tena kwa macho yangu haya mawili. Zikiamka hizo, hata jiwe litaamka. Aliniuliza nina elimu gani. Nikamwambia mimi ndiye niliyeuona mstari uliopungua, watu wote wa Hobart wakiwa wanatafuta mwizi. Akauliza jina langu linaandikwaje.

Njoo na nguo nzito, meli ina baridi. Ukishuka usitafute ngazi kwa mguu kama kuku. Nitakuwa chini, nitakushika, na nitakutukana kwa sauti ili ujue ni mimi.

Jibu usiniandikie. Kwa ombi la namna hii jibu ni moja tu, na watu nimeshawaambia kwamba umelitoa.

Fundi Sakiusa